Kimbunga Hakiulizi Jina

Tangu tuliporekodi kipindi cha mwisho, meseji zenu hazijakatika, na nyingi zinauliza mambo mawili. La kwanza: hivi kweli serikali inaweza kuwatoa wote wasio na makaratasi, au ni maneno ya majukwaani tu? La pili: hata kama inaweza, ni haki? Kuna mliotuomba tujibu la kwanza peke yake, maana la pili ni siasa na litawagombanisha watu kanisani.

Tumejaribu, imeshindikana. Kila tukifuata swali la uwezo, tunajikuta tumefika kwenye swali la haki. Ile hatua inayofanya kazi hii iwe ya polepole na ya gharama, yaani kumsikiliza mtu mmoja mmoja ili ujue ni nani, ni wa wapi na ana nani hapa, ndiyo hatua pekee inayoweza kuifanya iwe ya haki. Anayetaka kwenda haraka lazima airuke. Na kule kwa wazazi wetu, Afrika Mashariki, tayari tumeona nini kinatokea ikirukwa.

Kwanza, neno lenyewe

Ukisikiliza habari za Dar es Salaam au Nairobi, utasikia watu hawa wakiitwa "wahamiaji haramu". Wengi wetu tuliokulia Texas tulilijua neno haramu nyumbani kabla ya kulisikia kwenye habari. Nguruwe ni haramu kwa Mwislamu. Riba ni haramu. Mali ya wizi ni haramu. Sasa mtu anakuwaje haramu?

Kwa sheria ya Marekani, kubaki baada ya viza kuisha siyo jinai. Ni ukiukaji unaopelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, siyo mbele ya jaji wa wahalifu. Kuvuka mpaka kwa siri ni jinai, lakini kwa mara ya kwanza ni kosa dogo. Na watu wetu wengi hawakuvuka mto wowote. Walishuka kwenye ndege na viza halali, wengi wakiwa wanafunzi. Halafu ada ikawashinda, wakaacha shule, wakaanza kubeba maboksi ili walipe kodi ya nyumba na watume kidogo nyumbani. Siku ya kuacha shule ndiyo siku viza ilipokufa.

Wazee wetu hapa husema tu "hana makaratasi". Tutatumia hilo. Linasema kuna karatasi imekosekana, basi.

Hesabu

Taasisi ya utafiti ya Pew inakadiria kwamba mwaka 2023 Marekani ilikuwa na watu milioni 14 wasio na hadhi kamili ya kisheria. Texas peke yake inao zaidi ya milioni 2, ya pili baada ya California. Ndani ya namba hiyo kuna waliopewa ulinzi wa muda, kwa mfano wale walioletwa wakiwa watoto na wakaandikishwa chini ya DACA tangu 2012.

Mwaka 2024, American Immigration Council walipiga hesabu ya kuwatoa wote kwa mkupuo: kuwakamata, kuwafungia, kuwapeleka mahakamani, kuwapandisha ndege. Walipata dola bilioni 315. Ukiamua kwenda taratibu, watu milioni moja kwa mwaka, ni dola bilioni 88 kila mwaka, na itachukua zaidi ya miaka 10.

Zamani tungeishia hapo na kusema hela hiyo haipo. Lakini tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria ya bajeti iliyotenga takriban dola bilioni 170 kwa ajili ya mpaka na uhamiaji, na kati ya hizo bilioni 45 ni za sehemu za kuwafungia watu. Kwa hiyo hela imeanza kupatikana. Kule Fort Bliss, El Paso, kambi ya mahema iliyopangwa kubeba watu 5,000 ilifunguliwa Agosti mwaka huohuo.

Kitu ambacho huwezi kununua haraka ni usikilizaji. Mwanzoni mwa 2025 mahakama za uhamiaji zilikuwa na kesi zaidi ya milioni 3 zinazosubiri, na majaji kama 700 hivi nchi nzima. Gawanya: kila jaji ana kesi zaidi ya 4,000 mezani. Asiye na hela ya wakili anajitetea mwenyewe, maana katika mahakama hizi serikali hailazimiki kukupa wakili, hata ukiwa mtoto.

Sasa fikiria wewe ndiye bosi uliyeahidi kuwatoa watu milioni moja kwa mwaka. Vitanda unavyo, ndege unazo. Foleni iko kwa jaji. Utafanya nini? Utatafuta njia ya kumkwepa jaji. Na ndivyo ilivyokuwa. Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba utaratibu wa kumwondoa mtu haraka bila kumfikisha kwa jaji, ambao kwa miaka mingi ulitumika karibu na mpaka, sasa utatumika nchi nzima kwa yeyote aliyeingia bila ruhusa na asiyeweza kuthibitisha kuwa ameishi hapa miaka 2. Tangu hapo jambo hilo linabishaniwa mahakamani. Tazama mzigo uko kwa nani: afisa halazimiki kuthibitisha kitu, wewe ndiye unatakiwa utoe ushahidi wa miaka 2 hapohapo. Nani anatembea na risiti za kodi za miaka 2 kwenye gari?

Kimbunga cha Kagera

Mtu wa Houston akisikia neno kimbunga anakumbuka Harvey, Agosti 2017, maji yakifika madirishani. (Na anakumbuka pia ni akina nani waliokuja kung'oa mbao zilizooza na kurudisha mapaa, wengi wao bila makaratasi.) Lakini ukimwambia neno hilo mtu wa Kagera, Kigoma au Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, atakumbuka kitu kingine.

Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete akiwa ziarani Kagera aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Sababu alikuwa nazo: ujambazi wa kutumia silaha barabarani, bunduki zilizozagaa, mifugo iliyoingizwa kwenye hifadhi. Wananchi walikuwa wamechoka kweli. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, askari na maafisa wa uhamiaji wakipita kijiji kwa kijiji.

Mkoa huo unapakana na Rwanda, Burundi na Uganda. Watu wamevuka huko tangu kabla ya mipaka kuchorwa, na wengine walikimbilia pale tangu vurugu za Rwanda za 1959 na mauaji ya Burundi ya 1972. Lugha za Wahangaza na Waha, ambao ni Watanzania, zinakaribiana sana na Kirundi. Sasa afisa aliyetumwa kutoka Dar atamjuaje Mtanzania na asiye Mtanzania kwa kumwangalia usoni au kusikia lafudhi yake? Wanakijiji wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, wenyeji na wageni vilevile.

Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Rwanda na Burundi, wengine kwa kuogopa, wengine kwa kusukumwa. Kati yao walikuwamo watu walioishi Tanzania miaka mingi, waliooa na kuolewa pale, wakaacha wake, waume, watoto, ng'ombe na mashamba. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilitoa wasiwasi wake. Jambazi mwenye bunduki hakukaa nyumbani kusubiri askari. Aliyekutwa nyumbani ni yule aliyekuwa na nyumba.

Hilo ndilo tatizo la msako wowote wa mkupuo. Ukipewa idadi ya kufikisha, unamchukua anayepatikana kirahisi: anayekwenda kazini kila asubuhi, anayeripoti ofisi ya uhamiaji kwa tarehe aliyopangiwa, anayempeleka mtoto shule.

Kuna mfano wa zamani zaidi ambao wazazi wetu wanaukumbuka. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia Uganda, akawapa siku 90. Waliokuwa raia wa Uganda waliambiwa wapange foleni kuhakikiwa. Wengi walipofika dirishani waliambiwa karatasi zao zina kasoro, kwa mfano kwamba walichelewa kuukana uraia wa Uingereza, na uraia ukaisha palepale. Walioingia kwenye foleni wakiwa Waganda walitoka wakiwa hawana nchi. Maduka yakagawiwa wakubwa, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora, na Mganda wa kawaida aliyeshangilia akabaki anatafuta sukari ya magendo.

Umtume wapi?

Hata ukimkamata mtu na ukashinda kesi, lazima kuwe na nchi itakayompokea. Hapa ndipo mambo ya Texas yanapogusana na kwetu moja kwa moja.

Mwanzoni mwa Aprili 2025 Marekani ilimpeleka mtu Juba ikisema ni wa Sudan Kusini. Juba ikamkataa: huyu ni Mkongo. Tarehe 5 Aprili Marekani ikafuta viza za kila mwenye pasipoti ya Sudan Kusini. Fikiria, wanafunzi na wafanyabiashara wa nchi nzima walipoteza viza kwa ugomvi kuhusu mtu mmoja. Siku chache baadaye Juba ilimpokea, huku ikisisitiza kwamba bado ni Mkongo.

Baada ya hapo ikaja njia nyingine: kama nchi yako haikutaki, utapelekwa nchi ya tatu. Julai 2025 wanaume wanane walifikishwa Sudan Kusini baada ya kushikiliwa wiki kadhaa kwenye kambi ya jeshi Djibouti. Kati ya wanane, mmoja tu alikuwa wa Sudan Kusini. Watano walipelekwa Eswatini. Agosti, Rwanda ilikubali kupokea hadi watu 250, na Uganda nayo ikatangaza makubaliano yake. Walikuwa wametiwa hatiani kwa makosa makubwa, wale wanane na wale watano, na hatuwatetei kwa hayo. Lakini kumtupa mtu wa Cuba au Vietnam kwenye mji wa Afrika asioujua, hana ndugu, hana lugha, hiyo haiwezi kuitwa "kumrudisha kwao".

"Lakini si walivunja sheria?"

Swali hili lisibezwe, na wanaoliuliza siyo watu wabaya. Wengine ni mama zetu. Kuna aliyeshinda bahati nasibu ya grini kadi, akauza kiwanja kulipia nauli. Kuna Mkongo aliyekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, akahojiwa mara kumi kidogo, ndipo akaletwa Dallas au Fort Worth akiwa mkimbizi halali. Mtu kama huyo akisikia wengine wasamehewe, anajisikia mjinga aliyefuata mstari. Na nchi ina haki ya kuamua nani aingie na kumwondoa asiyestahili. Bila hiyo, mpaka hauna maana.

Tunakubaliana na yote hayo. Tunapotofautiana ni kwenye neno "mkupuo".

Watu husema, basi arudi kwao akapange foleni kama wengine. Foleni ipi? Raia anayemwombea kaka au dada yake husubiri zaidi ya miaka 15. Na kuna sheria ya mwaka 1996 ambayo vijana wengi hawaijui: ukikaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa nje miaka 3. Ukizidisha mwaka mmoja, unafungiwa miaka 10. Kwa hiyo sheria yenyewe inamwambia anayetaka kurudi akajipange upya: ukitoka, umekwisha. Ndiyo maana kuna watu hapa ambao mama zao wamezikwa Kisumu au Moshi na wao wakatazama jeneza kwa simu, wamekaa kwenye gari, kabla ya kuingia shifti. Walichangisha hela yote ya msiba, ila hawakuweza kwenda kumwaga udongo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake siyo kwamba siku ya tatu umfukuze. Maana yake ni kwamba siku ya tatu si mgeni tena, ni mtu wa nyumba, alime na wenzake. Hawa watu jembe wamelishika miaka 20. Wamelea wazee kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa, wameendesha maghala ya usiku, wamelipa kodi ya mauzo kila waliponunua mkate. Hilo haliondoi kosa la makaratasi. Lakini linabadilisha tunachodaiwa kama watu wenye utu: angalau kumsikiliza kabla ya kumtoa.

Sisi wa hapa

Mtu anaweza kuishi Cedar Hill, kati ya ile minara ya televisheni na Ziwa Joe Pool, akadhani haya ni ya mpakani huko. Barabara ya 67 inayopita mjini kwetu, ukiifuata kuelekea kusini-magharibi ukapita Midlothian na Venus, inakufikisha Alvarado, kilipo kituo cha Prairieland cha kuwafungia watu wa kesi za uhamiaji. Ni chini ya saa moja. Walio Houston wanacho Conroe, barabara ya 45 kaskazini.

Nyumba zetu ni mchanganyiko. Nchi nzima kuna watoto zaidi ya milioni 4 waliozaliwa hapa wenye mzazi asiye na makaratasi. Kwenye meza moja ya pilau unaweza kukuta raia, mwenye grini kadi, mwenye kesi ya hifadhi na asiye na kitu. Ukifukuza mmoja, hujafukuza mmoja.

Na Texas ina historia yake, nzuri na mbaya. Mwaka 1975 jimbo lilipitisha sheria iliyoruhusu shule kuwakataa watoto wasio na makaratasi. Wilaya ya shule ya Tyler, kama maili 100 mashariki ya Dallas, ikawatoza dola 1,000 kwa mwaka. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1982, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamuliwa kwamba mtoto asiadhibiwe kwa jambo asilolichagua. Mwaka 2001 Texas ikawa jimbo la kwanza kuwaruhusu vijana hao kulipa ada ya chuo kama wenyeji. Juni 2025 ruhusa hiyo ikafutwa mahakamani, kesi ikifunguliwa na kumalizika siku ileile. Mwanafunzi aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja amalize aliamka na ada mpya.

Kuna jambo moja lililo mikononi mwetu kabisa. Kila mtu kwenye jumuiya yetu amewahi kusikia kauli hii, kwenye ugomvi wa mpenzi, wa deni au wa chama cha akiba: "Nitakuitia uhamiaji." Wengine hulisema kwa utani. Msako wa mkupuo unategemea sana utani huo ugeuke simu. Tuulieni maneno hayo majumbani kwetu, hata kwa mtu aliyekukosea kweli. Kama amekuibia, muitie polisi kwa wizi.

Rais yuleyule, mwaka mmoja baadaye

Kama siyo kimbunga, ni nini? Jibu tunalo hukohuko Tanzania, na ni la rais yuleyule.

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakalisha mikoa, wakazaa watoto wasiojua nchi nyingine. Kuanzia 2007 serikali ikawaandikisha mmoja mmoja na kuwauliza: unarudi Burundi au unaomba uraia? Waliotaka kurudi wakasaidiwa. Karibu wanne kati ya kila watano wakaomba kubaki, kila ombi likapitiwa. Kazi ilichukua miaka, ilikwama katikati, ikaanza tena. Oktoba 2014 Kikwete alianza kugawa vyeti, na zaidi ya watu 162,000 wakawa Watanzania. Nchi maskini kuliko Texas iliweza kumuuliza kila mtu jina lake.

Marekani nayo ina chombo kama hicho, kimewekwa kabatini. Tangu 1929 kuna kifungu cha sheria kinachomruhusu mtu aliyekaa miaka mingi, mwenye tabia njema, kuomba grini kadi kama aliingia kabla ya tarehe fulani. Bunge limekuwa likiisogeza tarehe hiyo mbele. Mara ya mwisho ni 1986, chini ya Rais Reagan, walipoiweka 1 Januari 1972, na sheria hiyohiyo ikaja kuwapa watu milioni 2.7 hadhi halali. Tangu hapo haijasogezwa. Ili uitumie leo, uwe umeingia kabla Amin hajatangaza siku zake 90.

Kuisogeza tarehe hiyo hakumlindi muuaji wala mwizi. Hao waondolewe, mmoja mmoja, kwa jina, mbele ya jaji, na foleni ya jaji itapungua sana ukishawatoa ndani yake waliokaa miaka 20 bila kosa. Itachosha na itachukua muda, na wapo watakaoona ni huruma iliyozidi na watakaoona haitoshi. Lakini mwishoni utakuwa unajua uliyemtoa ni nani na kwa nini.

Kipindi kijacho tutakuwa na wakili wa uhamiaji kueleza nini cha kufanya kama ndugu yako amekamatwa, nani apigiwe na karatasi zipi ziwe tayari. Kama una swali, tutumie kwa sauti. Kiswahili cha kuungaunga kinaruhusiwa, na jina lako tutalificha.